Nani Amekutuma? Baba, Wana na Mashine ya Chicago



Mwaka 1948 kijana aliyekuwa akisomea sheria Chuo Kikuu cha Chicago aliingia katika ofisi ya chama cha Democratic ya kata ya 8, kusini mwa jiji. Alitaka kujitolea kwenye kampeni. Adlai Stevenson alikuwa anagombea ugavana na Paul Douglas useneta, na kijana aliwapenda wote wawili. Mkuu wa chama wa kata hakumuuliza anajua kufanya nini. Alimuuliza: nani amekutuma? Kijana akajibu kwamba hakuna aliyemtuma. Mzee akamwambia kuwa pale hawamtaki mtu ambaye hakutumwa na mtu. Akaongeza kwamba kazi hakuna. Kijana akasema hatafuti kazi, na hapo akaharibu zaidi, maana mtu asiyetaka kazi hana pa kushikwa. Akaulizwa anatoka wapi. Alipotaja chuo kikuu, mazungumzo yakaishia hapo.

Kijana huyo alikuwa Abner Mikva. Baadaye alikuja kuwa mbunge mjini Washington, jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mwanasheria wa Ikulu wakati wa Rais Clinton. Kisa hiki alikisimulia mpaka uzeeni, kwa kicheko. Naomba muishike hiyo kata ya 8, tutairudia.

Mada niliyopewa leo ni koo katika siasa za majiji makubwa. Nimechagua jiji moja tu, Chicago, kwa sababu huko ukoo ulifanya kazi mchana kweupe, na kwa sababu kumbukumbu zake zimeandikwa na mahakama. Wengi tukisikia neno ukoo katika siasa tunawaza ufalme: baba anakufa, mwana anakalia kiti. Kwa kiti cha meya, Chicago haikwenda hivyo hata mara moja. Kilichorithiwa kilikuwa kata, yaani ile haki ya kuulizwa nani amekutuma na kuwa na jina la kutaja.

Aliyeiunda mashine, yaani mtandao wa chama wa kubadilishana kazi na kura, alikuwa mhamiaji, Anton Cermak, mzaliwa wa Bohemia. Mwaka 1931 alimshinda meya wa chama cha Republican, William Hale Thompson, kwa kuwakusanya Wacheki, Wapolandi, Wayahudi, Wajerumani na Waairishi chini ya chama kimoja. Tangu siku hiyo hadi leo Chicago haijapata meya wa Republican. Cermak hakulifaidi jengo lake: Februari 1933 alipigwa risasi mjini Miami akiwa karibu na Franklin Roosevelt, ambaye alikuwa anasubiri kuapishwa, na akafa mwezi uliofuata. Binti yake aliolewa na Otto Kerner, ambaye alikuja kuwa gavana wa Illinois na kisha jaji, na mwaka 1973 akatiwa hatiani kwa rushwa. Mkiona ndoa, ugavana na jela katika ukoo mmoja, msishangae. Hapo ndiyo kwanza tunaanza.

Jiji lina kata 50. Kila kata ina diwani, na pembeni yake yuko mkuu wa chama wa kata, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi, na mara nyingi diwani na mkuu huyo walikuwa mtu yule yule. Chini yao walikuwako wajumbe, kila mmoja na mitaa yake michache. Kwa Mtanzania aliyekua enzi za balozi wa nyumba kumi, mjumbe huyu hahitaji maelezo marefu: ndiye anayejua nani mgonjwa, nani mwanawe amelala polisi, pipa la nani limevunjika, nani amehamia jana na bado hajajiandikisha kupiga kura. Tofauti ni kwamba mjumbe wa Chicago alilipwa kwa kazi ya serikali. Alikuwa msimamizi wa magari ya taka, karani wa mahakama, mkaguzi wa majengo, mpaka rangi wa madaraja. Katika kilele chake mashine ilikuwa na kazi za namna hiyo zinazokadiriwa kati ya 30,000 na 40,000. Mjumbe akileta kura, anabaki kazini. Mitaa yake ikimkataa mgombea wa chama, Jumatatu anakuta nafasi yake ina mtu mwingine.

Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, na yasingeweza kuandikwa. Mkuu wa kata alikuwa anagawa kitu cha umma kwa ahadi ya mdomo. Akisalitiwa, hana mahakama ya kwenda kushtaki. Kwa hiyo alihitaji watu ambao usaliti wao ungewagharimu zaidi ya kazi, watu ambao angekutana nao kanisani Jumapili, kwenye matanga, kwenye harusi za wapwa. Ndugu wa damu alikuwa mdhamini wa bei nafuu kuliko wote. Sisemi hivi kuwatetea. Nasema ukitaka kuelewa kwa nini undugu uliota mizizi pale, anzia kwenye woga wa kusalitiwa kabla hujafika kwenye mapenzi ya baba kwa mwana.

Sasa tumtazame Richard J. Daley. Yeye hakurithi kitu. Alizaliwa mwaka 1902 katika mtaa wa Bridgeport, kata ya 11, karibu na machinjio makubwa ya jiji, mtoto pekee wa fundi wa mabati. Aliyemtuma alikuwa diwani wa kata hiyo, Joseph McDonough, ambaye Daley alikuwa karani wake huku usiku akisoma sheria. Namna alivyoingia bungeni inachekesha, lakini pia inafundisha. Mwaka 1936 mbunge mkongwe wa Republican katika eneo hilo, David Shanahan, alifariki muda mfupi kabla ya uchaguzi, karatasi za kura zikiwa zimeshachapishwa. Wajumbe wa kata ya 11 wakapita kwa wapiga kura wao kuwaambia waandike jina la Daley kwa mkono, upande wa Republican. Hivyo bwana huyu, ambaye jina lake lingekuja kuwa ndilo jina la chama cha Democratic Chicago, alifika katika bunge la jimbo, Springfield, kama Republican, kisha akahamia kwa wenzake. Mtu alikufa, kalenda ikaacha pengo, kata ikaliziba. Zingatieni hatua hizo tatu.

Mwaka 1953 akawa mwenyekiti wa chama wa kaunti ya Cook, mwaka 1955 akawa meya, na hakuachia hata kimoja mpaka alipokufa tarehe 20 Desemba 1976. Aliyegawa kazi na aliyepanga wagombea akawa mtu mmoja. Aliendelea kuishi katika nyumba ya kawaida ya matofali kwenye barabara ya South Lowe, hatua chache kutoka alipozaliwa, pamoja na mkewe Eleanor na watoto saba, na alihudhuria misa kila siku. Hata maadui zake wengi hawakumtuhumu kujitajirisha. Wanawe ni habari nyingine. Mwaka 1973 magazeti yalifichua kwamba biashara ya bima ya jiji ilihamishiwa kampuni ambamo mwanawe John alifanya kazi. Daley alikwenda mbele ya viongozi wa chama akawaka: kama baba hawezi kuwasaidia wanawe, dunia hii inakwenda wapi? Akawaambia na wanaomlaumu wambusu mahali ambapo sitapataja mbele ya wazee walioketi mstari wa mbele. Kwake hilo halikuwa kosa la kuombea radhi. Ule ulikuwa utaratibu, na aliona ajabu kwamba mtu anauliza.

Alipokufa hakuwa amemwandaa mrithi. Richard, mwanawe mkubwa wa kiume, alikuwa na miaka 34 na kiti katika Seneti ya jimbo, na hakuna aliyethubutu kumtaja. Hapa ndipo inapoonekana kwamba ukoo katika mashine ulikuwa mpana kuliko nyumba ya Daley, na ulikuwa na rangi. Wilson Frost, diwani Mweusi, alikuwa kiongozi wa muda wa Baraza la Madiwani na akatangaza kwamba yeye ndiye kaimu meya. Alipokwenda kwenye ofisi alikuta imefungwa. Akaambiwa funguo hazionekani, na polisi wako mlangoni. Baada ya siku chache za mazungumzo Baraza likamchagua Michael Bilandic, diwani wa kata ya 11. Kelly, Kennelly, Daley, Bilandic: tangu 1933 kila meya alikuwa na asili yake Bridgeport, mtaa ambao mtu angeuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Wamarekani Weusi, ambao kura zao za kusini na magharibi mwa jiji ziliibeba mashine kwa miongo, walikuwa na watu wa kuwatuma kwenye vibarua. Wa kuwatuma kwenye ofisi ya meya hakuwako.

Bilandic aliangushwa na theluji ya Januari 1979, ambayo jiji lilishindwa kuizoa. Akaja Jane Byrne, mwanamke aliyelelewa kisiasa na Daley mwenyewe. Mwaka 1983 Daley kijana akajitosa kugombea umeya katika kura za maoni za chama, na jina lote lile la baba likamfikisha nafasi ya tatu. Aliyeshinda alikuwa Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, aliyegombea kwa kuilaani mashine. Na Washington naye, tuseme ukweli, alianza siasa kwa kuchukua mitaa ya baba yake marehemu, aliyekuwa mjumbe wa chama katika kata ya 3. Hakuna aliyeingia nyumba ile bila kupita mlango ule.

Kwa hiyo kati ya Daley baba na Daley mwana ilipita miaka zaidi ya 12 na mameya wanne, ukimwacha aliyekaimu siku chache. Mwana aliupata umeya Aprili 1989, baada ya Washington kufia ofisini, na aliupata kwa kura, baada ya kushindwa mara moja na baada ya miaka minane ya kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti. Akachaguliwa mara 6 kama baba yake, akakaa miaka 22, muda mrefu kidogo kuliko mzee. Kati ya 1955 na 2011, miaka 56, Chicago ilikuwa chini ya mtu aitwaye Richard Daley kwa zaidi ya miaka 43.

Lakini mashine aliyoikuta haikuwa ya baba yake. Mwaka 1969 wakili kijana, Michael Shakman, aligombea ujumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo, akashindwa, na akaenda mahakama ya shirikisho kulalamika kwamba haiwezekani kushindana na mgombea ambaye kampeni yake inalipwa mishahara na serikali. Mwaka 1972 ilipatikana amri ya kuzuia watumishi kufukuzwa kwa sababu za siasa, na mwaka 1983 amri ya kuzuia wasiajiriwe kwa sababu hizo. Kesi hiyo moja ya mtu aliyeshindwa uchaguzi mdogo iliichoma mashine kwenye tumbo. Kama si amri hizo, nadhani Daley wa pili angekuwa nakala ya wa kwanza. Badala yake ilimbidi atafute nguvu kwingine: kwa makandarasi, kwa makampuni ya uwakili na ya dhamana za serikali, kwa wachangiaji wa kampeni. Ajira za kujuana hazikuisha. Mwaka 2006 msaidizi wake, Robert Sorich, alitiwa hatiani kwa kughushi usaili na matokeo yake ili kazi ziende kwa watu wa kampeni. Ila uzito ulikuwa umehama kutoka kwa mshahara wa mzoa taka kwenda kwenye zabuni. Mwaka 2008 jiji lilikodisha mita zake za maegesho kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15 hivi, na madiwani wakaupitisha mkataba huo siku chache tu baada ya kuuona. Mjukuu wa mjumbe aliyepewa kazi na Daley wa kwanza atakuwa analipa maegesho kwa sababu ya Daley wa pili.

Nimechukua muda mrefu kwa akina Daley kwa sababu ndio wanaojulikana. Ila ukitaka kuona ukoo unavyorithishana kiti kweli kweli, shuka ngazi. Tazama viti ambavyo waandishi wa habari wa kitaifa hawavitazami, na tazama tarehe.

Mwaka 1968 Joseph Burke wa kata ya 14 alifariki. Mwanawe Edward akawa mkuu wa chama wa kata akiwa na miaka 24, na mwaka uliofuata akawa diwani. Aliondoka 2023, miaka 54 baadaye. Mkewe, kwa miaka kadhaa, alikuwa Jaji Mkuu wa Illinois.

Mwaka 2004 mbunge William Lipinski alishinda kura za maoni mwezi Machi kama kawaida yake. Agosti akatangaza kwamba anastaafu. Kwa kuwa kura za maoni zilikuwa zimepita, sheria iliwaachia wakuu wa chama katika jimbo lake la uchaguzi kumteua mwingine, na Lipinski alikuwa mmoja wao. Wakamteua Dan, mwanawe, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Tennessee. Angetangaza kustaafu mwaka mmoja mapema, wangejitokeza wagombea na mtoto angelazimika kupambana. Miezi mitano ya kimya ilimpa ubunge wa miaka 16.

Na sasa kata ya 8, ile iliyomfukuza Mikva. Tangu 1968 mkuu wake wa chama alikuwa John Stroger, Mmarekani Mweusi, aliyepanda mpaka urais wa bodi ya kaunti ya Cook, kaunti yenye watu zaidi ya milioni tano. Tarehe 14 Machi 2006, wiki moja kabla ya kura za maoni, alipatwa na kiharusi. Hali yake ikawa siri ya familia na wasaidizi, na wapiga kura wakampigia kura mtu ambaye hawajui kama ataweza tena kusimama. Akashinda. Miezi ikapita bila mtu kumwona. Julai ikatangazwa kwamba anajiondoa, na wakuu wa chama wakakutana kumchagua wa kumrithi kwenye karatasi ya kura. Mbunge mzoefu, Danny Davis, alikitaka kiti hicho. Wakampa Todd Stroger, mwanawe, diwani wa kata hiyo hiyo ya 8. Novemba akashinda, kwa sababu katika kaunti ya Cook anayebeba bendera ya Democratic hushinda. Wapiga kura walimwangusha mara ya kwanza walipopata nafasi ya kumpima dhidi ya wenzake wa chama, mwaka 2010, na walimwangusha vibaya.

Mtaniambia wapiga kura ndio waliowachagua wote hao. Kweli. Mtaniambia pia kwamba mtoto aliyekulia mezani kwa diwani anaijua kazi kuliko mgeni. Kuna ukweli na hapo: Daley wa pili alijua jiji linavyosafishwa kuliko maprofesa wote waliomshauri Meya Washington. Lakini kura inayopigwa baada ya washindani kuzuiwa mlangoni ina thamani gani? Njia nyingine ya kuwazuia ilikuwa kukagua saini za fomu za wagombea moja baada ya nyingine mpaka mpinzani aondolewe. Kijana mmoja mwanasheria, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliijua mbinu hiyo. Mwaka 1996, akitafuta kiti chake cha kwanza katika Seneti ya jimbo, Barack Obama alipinga saini za wapinzani wake wote wanne, akiwemo seneta aliyekuwa akikalia kiti hicho, akabaki peke yake kwenye kura za maoni. Hakuwa na ukoo Chicago. Alijifunza mbinu za wenye ukoo, na nadhani hatujalisema hilo vya kutosha sisi tunaomwita ndugu yetu.

Miaka ya karibuni wengi wameanguka. Dan Lipinski alishindwa mwaka 2020. Burke alitiwa hatiani Desemba 2023. Michael Madigan, Spika wa bunge la jimbo kwa karibu miaka 36, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Daley katika kata ya 13 na binti yake mwanasheria mkuu wa jimbo, alihukumiwa mwaka 2025 kifungo cha miaka saba na nusu. Katika kata ya 33 Richard Mell alikaa udiwani tangu 1975, akamfikisha mkwewe Rod Blagojevich kwenye ugavana na kumwona akienda jela. Mwaka 2013 akajiuzulu katikati ya muhula, na meya akamteua binti wa Mell, Deb, kumalizia. Mwaka 2019 Deb alishindwa na mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Puerto Rico, Rossana Rodríguez-Sánchez, kwa kura 13. Katika uchaguzi huo huo Bill Daley, mdogo wake Daley wa pili, aliyewahi kuwa waziri wa Clinton na mkuu wa utumishi wa Ikulu chini ya Obama, aligombea umeya akiwa na fedha kuliko wenzake wote. Nafasi ya tatu.

Kata ya 11 ilibaki mikononi mwao kwa muda zaidi. Patrick Daley Thompson, mjukuu wa mzee, alichaguliwa diwani mwaka 2015, akaishi katika nyumba ile ile ya South Lowe. Februari 2022 alitiwa hatiani kwa makosa ya kodi na kauli za uongo kuhusu mkopo wa benki, akapoteza kiti na kufungwa miezi minne. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kauli ya kupotosha si lazima iwe ya uongo, ikairudisha sehemu ya kesi katika mahakama ya chini.

Kiti chake kilijazwa kwa uteuzi wa meya, kama ilivyo desturi. Bridgeport ya leo ina Wachina wengi kuliko Waairishi, na aliyeteuliwa, Nicole Lee, ndiye mwanamke wa kwanza mwenye asili ya China kuingia Baraza la Madiwani la Chicago. Magazeti yalishangilia kwamba zama za Daley zimekwisha katika kata ya 11. Baba yake Nicole Lee alikuwa msaidizi wa Meya Richard M. Daley. Mwaka uliofuata uteuzi wake, binti huyo alisimama mwenyewe mbele ya wapiga kura, akapata washindani wengi, ikabidi warudie duru ya pili, akashinda.